Jiwe la Mashoto

Kufunua vitu vya watu haikuwa tabia ya Sindano. Mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa magauni ya harusi, na hakuna kilichomkera kama mteja anayefika dukani na kuanza kuinua mashuka aliyofunikia magauni ya wenzake. Lakini mchana ule, alipoingia karakana ya jirani yake na bakuli la chakula mkononi, akaliona jiwe kwenye kona limefunikwa gunia jipya, ilhali mengine yote yamekaa wazi na vumbi lake, moyo ulimwambia funua. Na mkono, jamani, haukungoja kuambiwa mara ya pili.

Akasoma jina. Akalisoma tena, maana jicho liliona na akili ikakataa. Lilikuwa jina la Mashoto, mwenye karakana ile, mchonga mawe ya makaburi. Si hilo la utani alilopewa na mtaa kwa sababu ya kushika nyundo kwa mkono wa kushoto, bali lile kamili, la kwenye cheti. Chini ya jina, mwaka wa kuzaliwa. Baada ya mwaka, kistari. Baada ya kistari hapakuwa na kitu, jiwe jeupe tu, laini, limesuguliwa vizuri.

Bakuli likamtoka mkononi.

"Nilijua siku moja utalifunua," sauti ikasema nyuma yake.

Mashoto alikuwa kwenye mlango wa uani na ndoo ya maji, nywele na nyusi zimejaa unga wa mawe, mzee kabla ya wakati wake. Alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, ambalo siku nyingine lingemfanya Sindano asahau alichokuja kusema. Leo halikumfanya chochote.

"Hii ni nini?"

"Jiwe."

"Mashoto, usinifanyie mzaha. Nakuuliza, hii ni nini?"

"Ni jiwe, Sindano. Watu huniletea majina, nachonga. Hili nimejiletea mwenyewe."

"Umejichongea kaburi!"

"Jiwe. Kaburi watachimba wengine." Akaweka ndoo chini. "Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nimejaribu. Hebu ona herufi zilivyokaa. Fundi gani mwingine angenifanyia hivi? Angenibananishia jina langu kama abiria kwenye basi."

Sindano hakucheka. Alisimama pale pale, wali umetapakaa miguuni, akimtazama mtu ambaye asubuhi ile ile alimsindikiza hadi mlangoni kwa wimbo. Wimbo! Na jiwe liko ndani, chini ya gunia.

"Kwa nini?" aliuliza, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

Mashoto alifungua kinywa kujibu, na badala ya jibu kikatoka kikohozi. Kilikuwa kile kikohozi cha siku zote, kikavu, kirefu, cha kumkunja mtu mzima hadi ashike meza. Sindano alikizoea. Alikuwa amekipigia kelele, amekichemshia tangawizi, amekinunulia dawa za kila rangi. Kilipokwisha, Mashoto alijifuta mdomo haraka na kukunja leso ndani ya kiganja.

"Kesho siendi hospitali kupigwa picha ya kifua kama nilivyokuambia," alisema. "Picha nilishapigwa zamani. Kesho wananipasua. Kuna kitu kimeota kwenye pafu. Wanasema ni vumbi, miaka yote hii ya vumbi. Wakikitoa chote, nitapona. Wasipokitoa..." Akalitazama jiwe.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Sindano alisema taratibu. "Uliniambia ni kipimo tu. Ulinitazama machoni, Mashoto, ukaniambia ni kipimo tu."

"Nilitaka ucheke kwa siku chache zaidi."

"Nani mwingine anajua?"

Mashoto akainama kuokota wali sakafuni.

"Nimekuuliza, nani mwingine anajua?"

"Baba yako."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Sindano hadi masikioni.

Tuseme ukweli, wawili hawa hawakuanza kwa mapenzi. Walianza kwa vumbi. Wiki ileile Sindano alipofungua duka lake pale, upepo ulichukua unga wa mawe kutoka karakana ukaumwaga wote juu ya gauni lililokuwa linangojwa na mwenyewe. Sindano alivuka ua kama moto wa nyikani. "Vumbi la makaburi kwenye gauni la harusi! Unataka bibi harusi wangu aolewe na maiti?" Yule kaka mwenye nyusi nyeupe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, wewe si mtu. Wewe ni sindano." Jina likashika papo hapo. Lakini kesho yake Sindano alipofungua dirisha, alikuta magunia yametundikwa upande wake wote wa ua, yameloweshwa maji ili yanase vumbi. Tangu siku hiyo hayakukauka hata asubuhi moja. Mtu akikuloweshea magunia kila alfajiri bila kuombwa, utamchukia hadi lini?

Shangazi yake ndiye aliyechukia kwa niaba ya ukoo mzima. "Kufa kufaana, ndiyo kazi ya huyo bwana wako," alikuwa akisema. "Wewe unashona harusi, yeye anachonga misiba. Mtoto wenu atauza nini, majeneza?" Sindano alicheka tu. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Halafu kukaja habari ya kusoma. Wafiwa walikuwa wakifika wamevimba macho, wakisema, "Fundi, tuwekee mstari mzuri wa Biblia." Na Mashoto hakujua hata mmoja. Alikuwa amechonga maandiko tangu ujana wake lakini hajawahi kuyasoma, na sababu ilikuwa ule mkono wake. Fundi wa mkono wa kushoto hushika tindo, ile patasi ya mawe, kwa mkono wa kulia, na kiganja hicho hukaa juu ya jiwe. Akianza mstari kushoto kama wenzake, kiganja kingeyafuta maneno ya mbele yaliyoandikwa kwa chaki kabla ya kukatwa. Kwa hiyo Mashoto alianza kila mstari kulia, neno la mwisho kwanza, akirudi nyuma hadi la kwanza. Na kukagua alikagua hivyo hivyo, kinyumenyume, jicho lione herufi tu.

"Nikisoma maana yake nitalia," alimwambia Sindano. "Na mkono wa anayelia hauchongi."

"Sasa nani akuchagulie mistari?"

"Si wewe ni mtoto wa mchungaji?"

Alikuwa mtoto wa mchungaji, ndiyo, lakini mtoto aliyekwisha kufunga kitabu. Yeye, ambaye utotoni alisimama mbele ya kanisa lote akasoma Neno kwa sauti iliyofanya wazee wafumbe macho, alikuwa amemwombea mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao, alipougua homa. Aliomba kwa magoti hadi magoti yakachubuka. Mtoto akazikwa. Baadaye mama akaugua. Akasema safari hii ataomba vizuri zaidi, labda ile ya kwanza alikosea. Akafunga, akakesha, akalia. Mama akazikwa. Na pale kaburini, mbele ya baba yake aliyekuwa bado ameshika udongo, alisema maneno ambayo hakuna aliyethubutu kuyarudia, na tangu siku hiyo hakuomba tena. Si kwamba aliacha kuamini kwamba Mungu yupo. Aliamini jambo baya zaidi: kwamba kila mtu ambaye yeye Sindano angemtaja mbele zake, Mungu angemchukua.

"Nitakusomea," alimjibu Mashoto. "Kusoma si kuomba."

Akaitoa Biblia ya marehemu mama yake chini ya sanduku, akaileta karakana. Kila jioni alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni, Mashoto akisugua mawe na kusikiliza. Lakini neno nalo lina ujanja wake. Jioni moja alikuwa akisoma Zaburi ya kumi na tatu, akitafuta mstari wa kaburi la mwalimu, akafika hapa: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ulimi ukasimama. Alikuwa amesema hayo. Kaburini kwa mama, karibu neno kwa neno, alikuwa amesema hayo, akadhani amekufuru na mlango umefungwa nyuma yake. Na kumbe yamo ndani ya kitabu! Kuna mtu aliyemgombeza Mungu hivyo kabla yake, na hawakumfuta, walimwandika.

Mashoto alisimamisha mkono. "Mbona umenyamaza?"

"Vumbi," alisema, akijifuta macho. "Vumbi lako hili."

Tangu hapo alisoma kwa sauti nyingine. Mashoto aliisikia tofauti, na yeye ndiye aliyetangulia kushikwa: akaanza kuuliza maswali, akaanza kwenda ibadani na kukaa benchi la nyuma. Sindano alimtania kwamba mistari ya wafiwa ameila mwenyewe. Yeye hakuingia kanisani. Alisoma tu. Lakini alipokuwa peke yake na cherehani, mistari ilianza kumjia bila kuitwa.

Sasa tazama alikofikishwa.

"Baba anajua," alirudia. "Baba yangu, ambaye hakusalimii, ndiye anayejua. Mimi ninayekuchemshia tangawizi, sijui."

"Nilikwenda kukuposa, Sindano." Mashoto aliketi juu ya jiwe lisilochongwa, pumzi zikimpaa. "Nilivaa shati jeupe. Nikasema, mzee huyu nitamdanganyaje? Nikamweleza yote, na kifua pia. Akanisikiliza. Akanipa maji ya kunywa. Halafu akasema, 'Kijana wangu, sina ubaya na kazi yako, wala na wewe. Lakini binti yangu ameshazika wawili. Sitamkabidhi wa tatu kwa mkono wangu mwenyewe.'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Ningekuwa mimi ndiye baba, ningesema hivyo hivyo."

Sindano aligeuka ukutani. Nje wingu lilikuwa limetanda, na mchana wote karakana ilikuwa na giza la saa za jioni. Mawe ya watu yalisimama kuzunguka, yote na majina, yakisubiri kuja kuchukuliwa.

"Nina mambo mawili ya kukuomba," Mashoto alisema.

"Usiniombe kitu."

"La kwanza, nichagulie mstari. Nimekuachia nafasi, pale chini ya mwaka. Huko kote umewachagulia wageni. Nichagulie na mimi."

"Na la pili?"

"Niombee."

"Hapana."

"Sindano."

"Hapana!" Akageuka, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Unajua ninaowaombea wanakwenda wapi? Nikutaje kwa Mungu ili iweje, akukumbuke? Mimi nimekuficha, Mashoto! Mwaka mzima huu nimekupenda kimyakimya, sijasema hata asante, ili asije akageuka akaniona nina kitu! Halafu wewe unaniambia niende nikamwonyeshe ulipo!"

Mashoto alisema kwa upole mno.

"Basi usiombe. Soma tu. Kusoma si kuomba, si ndivyo ulivyosema?"

Sindano aliichukua Biblia rafuni ilipokaa siku zote, imefungwa kipande cha shela kilichobaki kwenye gauni la mtu. Aliifungua kwa hasira, kurasa zikilalamika. Alitaka tu kupata mstari wowote wa kumaliza ubishi huu, uwe wa nuru, wa pumziko, wa wale wanaolala. Aliijua yote. Akaupita mmoja, akaupita wa pili. Kila aliposoma "pumziko" mkono ulikataa kusimama. Zaburi zilimpita vidoleni, na ndipo akaona mstari ambao hakuwahi kumpa mfiwa yeyote, maana nani angeuweka kaburini? Akautazama.

"Andika," alisema.

"Upi?"

"Chukua chaki. Nakusomea, andika."

Mashoto aliinuka, akapiga mistari mitatu kwa rula, akaandika alivyosomewa kwa mwandiko wake wa duara, bila kuuliza. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo.

"Kagua," alisema. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Hakuna herufi iliyokatwa kabla Sindano hajaikagua, kutoka mwisho kuja mwanzo.

Sindano akaweka kidole kwenye neno la mwisho kabisa. "Bwana," akasoma. "Ya. Matendo." Akapanda mstari. "Nitayasimulia. Nami." Akapanda tena, mstari wa juu, kulia. "Nitaishi." Kidole kikasogea kushoto. "Bali."

Lilibaki moja. Mashoto alikuwa akilitazama yeye pia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi alikuwa amesoma maana.

"Sitakufa," Sindano alisema.

"Sitakufa bali nitaishi, nami nitayasimulia matendo ya Bwana." Mashoto aliurudia wote, sasa kutoka mwanzo, kama watu wengine wote wasomavyo. Kisha akacheka, kicheko cha kweli. "Mpenzi wangu, hili ni jiwe la kaburi! Watu wakipita watasema fundi alikuwa mlevi."

"Hawatapita. Halifiki makaburini hilo. Chonga."

"Sasa hivi?"

"Kabla ya kesho. Nataka uingie mle ndani na hili limeshakatwa. Chaki ni chaki tu. Chonga, Mashoto, nikuone."

Alishika tindo kwa mkono wa kulia, nyundo kwa wa kushoto. Akaweka tindo pale kulia, mwisho wa mstari wa juu, akaanza. Kila pigo lilikuwa dogo, la uangalifu, na Sindano aliyahesabu kwa moyo bila kujua anahesabu nini. Herufi ya kwanza ilitoka safi, na za baadaye vilevile. Jasho lilianza kumtiririka Mashoto usoni na kuchora njia kwenye unga. Alipokamilisha neno lile la upande wa kulia, alipuliza vumbi, na lile vumbi dogo likamrudia.

Safari hii kikohozi hakikuwa kikavu. Nyundo ilianguka. Sindano aliona wekundu kwenye jiwe jeupe kabla hajaelewa ni nini, kisha Mashoto akaanza kuanguka naye akamdaka, akaegemea jiwe kwa mgongo wote ili asiende chini naye, akimshika kwa nguvu zake zote na kupiga kelele jina lake, lile la kwenye cheti.

Walikuja watu wa duka la rangi la jirani, wakambeba. Alipojinasua kutoka kwenye jiwe, Sindano aligeuka mara moja kulitazama. Chaki yote ilikuwa imeondoka. Mgongo wake ndio ulioifuta. "Sitakufa" haikuwepo, "bali" haikuwepo, wala mistari ya chini. Vyote vilikuwa vumbi jeupe kwenye blauzi yake.

Nimemfuta, aliwaza. Hata kuomba sijaomba, na nimemfuta.

Hospitali hawakungoja kesho. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya ukali, alimtazama mgonjwa, akatazama picha zake, akasema apelekwe chumba cha upasuaji sasa hivi. Machela ilipokuwa ikipita, Mashoto alifumbua macho. Aliinua mkono wa kushoto, akagusa shavu la Sindano, akaliachia alama ya unga.

"Nimeacha kazi nusu," alinong'ona.

"Utamalizia," Sindano alisema, na hakuamini alichosema. Milango ikafungwa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido alipofika baba yake, na nyuma yake shangazi akihema. Mchungaji alikuwa mtu mrefu aliyekuwa amepinda kidogo tangu kifo cha mkewe. Alikuwa amebana kitu kwapani.

"Nilisema mimi," shangazi alianza, "nilisema, kazi ya makaburi..."

"Dada," mchungaji alimkata, "tafadhali kaa." Na shangazi, kwa mshangao wa wote, akakaa.

Baba aliketi kando ya binti yake. Hawakuwa wamekaa benchi moja tangu mazishi. Watu wa duka la rangi walimpigia simu, alisema, akapitia karakana akidhani bado wako huko. Akakuta mlango wazi na Biblia ya mkewe sakafuni, imelala kwa uso. Akaitoa kwapani. Ilikuwa na unga na tone moja la damu pembeni.

"Nimeliona jiwe," alisema.

Sindano alijifunika uso. "Baba, nilimwandikisha 'sitakufa'. Mwenyewe, kwa ukaidi wangu. Halafu nikalifuta. Kwa mgongo wangu, Baba. Chochote ninachogusa kwa ajili ya Mungu kinaharibika. Wewe ulikuwa sahihi kumkatalia. Mimi ndiye wa kukataliwa."

"Mwanangu, nimeliona jiwe," baba alirudia. "Lilikuwa na jina lake, na mwaka, na neno moja limekatwa ndani kabisa. Nimelipapasa kwa kidole. Lina damu yake, lakini limekatwa vizuri. Sikuelewa kwa nini neno moja tu, na kwa nini liko upande wa kulia peke yake."

Sindano aliondoa mikono usoni.

Ule mkono wa kushoto! Fundi mwingine yeyote angeanza mwanzo wa mstari, na mgongo wa Sindano ungebakiza "sitakufa" pekee, neno lenye kufa ndani yake. Mashoto alikuwa ameanza kulia, alivyoanza siku zote. Akaliona neno lile mbele ya macho yake, mapigo yale madogo, herufi moja baada ya nyingine.

"Nitaishi," alisema.

"Ndilo hilo." Baba alimwekea Biblia mapajani. "Sijui atatoka vipi mle ndani. Nisikudanganye, wala mimi sijui. Nimeomba njia nzima, na njia nzima nimeogopa. Sasa nimeishiwa. Wewe ndiye uliyekuwa msomaji wa nyumba yetu. Soma."

"Nikisoma nitaomba, Baba. Siwezi tena kutenganisha."

"Basi omba."

"Na akifa?"

Mchungaji alimshika mkono tu, na kwa hilo Sindano alimpenda. Shangazi, upande wa pili, alikuwa amevua kilemba chake na kukikunja magotini, akilia bila sauti. Korido ilinuka dawa ya kusafishia. Juu ya ile milango taa nyekundu, ya kuonyesha kwamba upasuaji unaendelea, ilikuwa imewaka.

Alifungua pale alipojua. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza, halafu ikanyooka. "Hata lini utanificha uso wako?" Muuguzi aliyekuwa akipita na trei alipunguza mwendo. Sindano alisoma zaburi yote hadi mwisho, akafunga kitabu, akaacha kidole ndani. Akafumba macho. Magoti yakashuka yenyewe kwenye sakafu baridi, yale magoti ya zamani. Palikuwa na woga tu, mkubwa.

"Bwana," alisema, "ni mimi. Ulidhani sitarudi. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimemficha, lakini wewe ulikuwa unamwona siku zote, sivyo? Uliona hata magunia." Akavuta pumzi. "Bwana, huyu fundi ameacha kazi nusu. Ameandika kwamba ataishi. Bado hajasimulia matendo yako, hata mstari wa pili hajaugusa. Usiniachie mimi jiwe lile, mimi sijui kushika tindo. Mrudishe amalize kazi yake. Na kama..."

Taa nyekundu juu ya mlango ikazimika. Hakuiona, alikuwa amefumba macho, lakini alimsikia shangazi akishtuka na kusema, "Mungu wangu." Kisha bawaba zikalia. Viatu vikatoka, taratibu, vya mtu aliyechoka, na vikasimama mbele yao. Mkono wa baba ukashuka begani mwake, ukakamata blauzi yenye chaki, ukakaza. Baba alisimama. Shangazi naye akasimama.

Sindano peke yake ndiye ambaye hakufumbua macho.

"Na kama umeamua lingine," alisema, "sitafunga kitabu tena. Utanikuta hapa hapa, nakugombeza. Lakini ni yeye ninayemtaka, Bwana. Ni yeye."

Daktari alikohoa kidogo, kutaka kusikilizwa.

Sindano akainua mkono wa kushoto kumwomba angoje, maana alikuwa bado hajasema amina.